Laini Mbili Si Intaneti Mbili

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini litangoja. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima na leo nalitoa.

Wiki jana nilikuwa katika ofisi moja hapa kwetu Mosocho. Mwenye ofisi alikuwa amemwita fundi amwekee laini ya pili ya intaneti. Ya kwanza ni faiba, ya pili ni ya 4G. Fundi akapanda, akashuka, akachomeka hiki na kile, kisha akamwambia mteja kwa kujiamini: "Mama, nimekuunganishia zote mbili. Sasa kasi yako ni mara mbili, na mtandao hautapotea tena." Akalipwa, akakunja nyaya zake, akaenda zake. Nenosiri la ruta akaenda nalo kichwani.

Ahadi mbili, na zote mbili si kweli. Simlaumu sana yeye, kwa sababu hajui kwamba amedanganya. Nawalaumu zaidi sisi tunaojua tofauti na tunanyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamaza pale, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza sasa hivi maana ni ya aibu.

Siku niliyoaibika

Shemeji yangu ana saiba katika soko la Mosocho. Kompyuta saba, mashine moja ya kutoa nakala, na benchi la kusubiri. Mwaka 2022 nilimwekea laini mbili, faiba na 4G, na katikati nikaweka kompyuta kuukuu niliyoifanya fayawoli kwa programu ya pfSense. Kwa wasiojua, fayawoli ni mlinzi wa getini: kila pakiti ya data inayotoka au kuingia hupita mbele yake, naye huamua ipite au isipite, na kama kuna barabara zaidi ya moja, huamua ipite ipi. pfSense ni ya bure, na imekuwapo tangu mwaka 2004 ilipochipuka kutoka kwa mradi ulioitwa m0n0wall. Nilijisifu sana siku ile. Nilimwambia shemeji, faiba ikikatika utahamia 4G hata kabla hujamaliza kupiga chafya.

Ikafika tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi. Anayeishi Kenya anaijua siku hiyo. Benchi lilijaa, watu wakasimama hadi nje. Mchana shemeji akanipigia simu, nami nilikuwa safarini: "Kurasa hazifunguki."

Nikamwuliza taa ziko vipi. Akasema zote ni za kijani. Nikamwambia afungue ukurasa wa fayawoli aniambie malango yako vipi. Akasema yote mawili ni ya kijani. Basi nikatoa hukumu kama daktari: "Hapo hakuna shida kwako. Ni tovuti ya serikali imezidiwa na watu. Wangoje tu."

Akaniambia kwa sauti ya upole, "Lakini simu yangu inaifungua."

Nikamwambia simu ni kitu kingine. Wangoje.

Wakangoja. Miongoni mwao alikuwa mwalimu wangu wa zamani, mstaafu, aliyenifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Alikaa kwenye benchi lile hadi jioni kwa sababu aliambiwa kijana wake, yaani mimi, amesema shida si ya pale. Jioni akapanda matatu kwenda Kisii mjini, akakuta foleni nyingine, na saiba ikafungwa kabla zamu yake haijafika. Faini ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Akalipa 2,000 kutoka kwenye pensheni. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Hakuna neno kijana wangu, mtandao ni mtandao." Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Sasa shida ilikuwa nini? Si kampuni ya faiba peke yake. Ndiyo, huko kwao kulikuwa kumekatika mahali, na huko hukatika kwa kila kampuni. Lakini nilikuwa nimeweka laini ya pili kwa ajili ya siku kama ile, na laini hiyo ilikaa mchana kutwa, nzima, imelipiwa, bila kupitisha pakiti moja ya mteja. Ilikuwa ngazi ya akiba iliyofungiwa stoo wakati nyumba inaungua. Aliyeifungia ni mimi.

Fayawoli hujuaje kwamba njia imekufa?

Hapa ndipo kiini cha makala hii, kwa hiyo twende polepole.

Fayawoli haina macho. Hujua laini iko hai kwa njia moja tu: hutuma ujumbe mdogo, pingi, kwa anwani fulani kila baada ya muda mfupi na kungoja jibu. Jibu likija, lango ni la kijani. Lisipokuja mara kadhaa, lango ni jekundu na safari zinahamishiwa lango la pili.

Swali ni hili: pingi inatumwa kwa nani? Usiposema chochote, pfSense humpigia lango lenyewe, yaani kifaa kinachofuata mbele yake. Na kifaa hicho kwa wengi wetu ni kile kisanduku cha kampuni kilichopigiliwa ukutani, mita moja kutoka kwenye fayawoli! Kisanduku kinapata stima, kinajibu. Kebo ikatike Kisii, ikatike Nakuru, ikatike Mombasa, kisanduku kitajibu tu: niko hapa, ni salama. Ni sawa na kuuliza kama barabara ya Kisumu imefungwa na mafuriko, halafu unayemwuliza ni bawabu wa nyumba yako mwenyewe.

Ndiyo maana malango yote yalikuwa ya kijani. Nilikuwa nimemwuliza bawabu.

Dawa yake ni kuandika anwani moja. Moja tu. Kwenye kila lango kuna nafasi ya anwani ya kuchunguza. Kwa faiba niliandika 1.1.1.1, kwa 4G nikaandika 8.8.8.8. Hizo ziko mbali, nje ya kampuni zote mbili. Ziwe tofauti kwa kila laini, kwa sababu fayawoli huipeleka kila anwani ya uchunguzi kupitia laini yake peke yake. Kazi hii ilinichukua chini ya dakika moja. Dakika moja ambayo sikuitumia ndiyo iliyomgharimu mwalimu shilingi 2,000.

Msidhani hili ni tatizo la pfSense tu. Mafundi wengi huku kwetu hutumia MikroTik, vifaa vizuri sana kutoka Latvia, na kosa ni lile lile likiwa limevaa koti jingine. Wanawasha ukaguzi wa lango kwa pingi, wanakwenda nyumbani. Ukaguzi huo nao humpigia kifaa cha jirani. Ili MikroTik ichunguze mbali inabidi uiandikie njia ya kufika anwani ya mbali kupitia lango la kampuni, kisha njia kuu iegemee anwani hiyo ya mbali. Mistari miwili kwa kila laini. Haiandikwi kwa sababu mteja hajui kuiuliza, na fundi hakufundishwa kuiandika.

Uongo wa kasi mara mbili

Turudi kwa yule fundi na ahadi yake ya kwanza. "Kasi yako ni mara mbili."

Ukiweka malango mawili katika ngazi moja, fayawoli huyagawia kazi kwa zamu: muunganisho huu upite huku, ule upite kule. Zingatia neno muunganisho. Muunganisho mmoja hupita njia moja tu mwanzo hadi mwisho. Kama una laini mbili za Mbps 10 kila moja na unapakua faili moja kwa muunganisho mmoja, utapata 10, si 20. Watu kumi wakitumia kwa pamoja, ndiyo, jumla yao inaweza kukaribia 20. Hiyo ni faida, siikatai. Lakini si kile mteja alichouziwa. Matatu mbili haziendi kasi mara mbili ya moja. Zinabeba abiria wengi zaidi tu.

Na kuna gharama ambayo hawakwambii. Tovuti nyingi za benki na za serikali hukutambua pia kwa anwani yako ya IP. Ukiingia kwa faiba, halafu bofyo la pili likapita 4G, tovuti inaona mtu yule yule yuko mahali pawili kwa wakati mmoja. Inakutoa nje. Mteja analalamika kwamba eCitizen imemrudisha mwanzoni mara tatu, na kumbe ni fayawoli inayomrusha huku na huku. Kuna mpangilio wa kumng'ang'aniza mtumiaji kwenye lango moja kwa muda, uwashe, lakini hauondoi tatizo lote.

Kuna namna ya kweli ya kuunganisha laini mbili ziwe bomba moja. Inahitaji seva nyingine nje huko, inayopokea vipande kutoka pande zote mbili na kuviunga tena. Ipo, inafanya kazi, na inalipiwa. Kama fundi hakukutajia seva hiyo, basi hakukuunganishia kitu.

Kwa saiba, shule, zahanati au ofisi ndogo ushauri wangu ni mmoja: usigawe. Weka faiba ngazi ya kwanza, 4G ngazi ya pili, na 4G ikae pale ikingoja. Ya pili ni gurudumu la akiba. Hakuna anayeendesha gari kwa magurudumu matano ili liende kasi.

Kampuni mbili si njia mbili

Wako watakaosema, mimi nina kampuni mbili tofauti, niko salama. Hebu toka nje uangalie juu. Faiba nyingi huku vijijini zimening'inia kwenye nguzo za stima. Nguzo moja ikigongwa na lori la ndizi unapoteza stima na faiba kwa pigo moja. Kama kampuni yako ya pili nayo ni faiba kwenye nguzo hiyo hiyo, umelipia ankara mbili kwa nguzo moja.

4G ni afadhali kwa sababu haina waya hadi kwako. Lakini mnara wenyewe hupata intaneti yake kwa faiba au kwa mawimbi ya maikrowevu, na mnara nao una betri yenye mwisho.

Nenda mbali zaidi, hadi baharini. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kabla ya hapo sote tulikuwa tunapumulia setilaiti za bei ya dhahabu. Nyingine zimekuja baadaye. Lakini Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Kisha tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini. SEACOM ikawa imejeruhiwa kaskazini na kusini kwa miezi michache tu. Kenya, Tanzania, Uganda na wengine wakapunguziwa pumzi, na mtu aliyekuwa na kampuni mbili zinazopita kebo zile zile aliona zote mbili zikikokota. Hata mbinguni si salama: Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, ilizimika duniani kote tarehe 24 Julai 2025 kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na kampuni yenyewe ikasema ni programu za ndani zilizoanguka. Hakukuwa na kebo iliyokatwa wala nguzo iliyoanguka.

Simaanishi tukate tamaa. Namaanisha ununue tofauti, si wingi. Faiba na 4G ni bora kuliko faiba na faiba. Faiba na setilaiti ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Na kabla ya kutia saini uliza maswali: kebo yenu inafika kwangu kwa nguzo zipi? Kutoka Kisii mnaelekea wapi? Akikwambia hiyo ni siri ya kampuni, mwambie pesa zangu nazo ni siri.

"Haya ni mambo ya Nairobi"

Hoja hii ndiyo inayonichoma zaidi. Nimeisikia kwa watu wa heshima kabisa: fayawoli, kubadilisha njia, hayo ni ya benki na mashirika ya Nairobi, sisi huku tunahitaji tu bando.

Kumbukeni historia. Kulikuwa na wakati ambapo barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi ilipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Majirani wa mtaa mmoja! Setilaiti za wakati ule zilikaa kilomita karibu 36,000 juu, kwa hiyo kwenda na kurudi ilikula nusu sekunde na zaidi hata kabla ya foleni. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni yakaamua kukutana mahali pamoja pa kubadilishana data, KIXP. Hakukuhitajika satalaiti wala kebo ya bahari. Ilikuwa swichi na makubaliano. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake wakati huo, ikalalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikaifunga kabla haijamaliza hata mwezi. Ilifunguliwa tena Februari 2002.

Mnaona? Hata huko Nairobi tatizo halikuwa ukosefu wa vifaa. Lilikuwa ni nani anaamua data ipite wapi. Na sisi Mosocho tunaorudia kusema mambo haya si yetu tunajifungia wenyewe bila hata kulalamikiwa na mtu.

Tena ni sisi tunaohitaji zaidi. Wa Nairobi laini yake ikikatika anavuka barabara na kuingia mkahawa wenye intaneti. Huku ikikatika, zahanati haiwezi kumthibitisha mgonjwa kwenye mfumo wa SHA ulioanza Oktoba 2024 badala ya NHIF. Mwanafunzi hawezi kuchagua kozi kabla mlango wa KUCCPS haujafungwa. Mkulima anayeuza chai hawezi kuangalia malipo yake. Kila kitu cha serikali kimehamia mtandaoni, na tarehe za mwisho hazisogezwi kwa sababu nguzo imeanguka Nyamira.

Basi fanya hivi

Si vizuri kulalamika bila kutoa dawa, kwa hiyo haya ndiyo niliyoyafanya kwa shemeji baada ya aibu. Natumia pfSense kama mfano, OPNsense ni karibu sawa.

1. Tenganisha anwani. Visanduku vingi vya faiba hujiita 192.168.1.1, na pfSense mpya nayo hujiita 192.168.1.1 upande wa ndani. Vikikutana, vitavurugana. Upe mtandao wako wa ndani anwani nyingine kabisa, mfano 10.20.0.1. Hakikisha pia faiba na 4G hazitumii safu moja.

2. Weka anwani za uchunguzi za mbali, kama nilivyoeleza. Hili ndilo la kwanza kwa umuhimu.

3. Tengeneza kundi la malango. Faiba ngazi ya kwanza, 4G ngazi ya pili. Sema ihame pakiti zikipotea au zikichelewa mno, si mpaka laini ife kabisa, maana laini zetu mara nyingi haziji kufa: huugua. Kwa 4G ongeza uvumilivu wa ucheleweshaji, la sivyo mvua kidogo tu itaifanya ionekane mgonjwa.

4. Panga sheria za ndani kwa mfuatano, kwa sababu ya kwanza kulingana ndiyo inayotumika. Kwanza, kompyuta za ndani kuzungumza zenyewe kwa zenyewe bila kutajiwa lango. Pili, kompyuta za kazi kupitia kundi. Tatu, simu za wageni kupitia faiba peke yake.

5. Hapa kuna mtego ulionila bando zima. Ukisema wageni wapite faiba peke yake, na faiba ikafa, pfSense kwa kawaida huiacha sheria hiyo ikiwa hai lakini bila lango. Wageni wanahamia njia kuu, ambayo sasa ni 4G, na video zao zinamaliza bando katika nusu saa. Kuna kisanduku cha kuweka alama katika mipangilio ya juu kinachosema sheria irukwe lango lake likifa. Weka alama, na chini ya sheria hiyo ongeza nyingine ya kuwazuia wageni moja kwa moja. Faiba ikifa wageni wangoje. Aliye na ritani apite.

6. Lifanye kundi kuwa njia kuu ya fayawoli yenyewe, na uweke seva za DNS mbili, kila moja na laini yake. Usipofanya hivi utakuwa na njia nzima lakini majina ya tovuti hayapatikani, na kwa mtumiaji hiyo ni sawa na kufa.

7. Miunganisho iliyokuwa wazi kwenye laini iliyokufa huendelea kung'ang'ania pale. Iambie fayawoli iikate lango likifa, ili ifunguke upya upande wa pili.

8. Njia yako ya kuingia ukiwa mbali isitegemee laini moja. 4G na setilaiti kwa kawaida hazikupi anwani ya hadharani. Ukiona anwani yako inaanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya ukuta wa kampuni pamoja na wateja wengine, na huwezi kupigiwa kutoka nje. Weka handaki la WireGuard linaloanzia ndani kwenda kwa seva ndogo nje. Laini ikibadilika, handaki hufuata. Siku ile mimi nilikuwa nimetegemea faiba peke yake kuingia, kwa hiyo hata kama ningeamini maneno ya shemeji nisingeweza kuingia.

9. Stima. Fayawoli, kisanduku cha faiba, modemu ya 4G na swichi, vyote kwenye UPS. Kimoja kikiachwa nje, umeacha vyote nje. Na hii ni Kisii, nchi ya radi. Wingu likigeuka jeusi upande wa ziwa, vilivyounganishwa kwa shaba na stima viko hatarini. Mipangilio yote ya pfSense ni faili moja tu. Inakili kwenye flashi, uiweke mbali na jengo. Radi ikichukua mashine, utatafuta kompyuta nyingine kuukuu na kurudi hewani jioni hiyo hiyo.

Gharama ni hoja ya kweli

Nisiwadanganye. Kulipia laini mbili kila mwezi ni mzigo. Kama intaneti yako ni ya kuangalia mpira na kusoma habari, huhitaji haya, tumia simu yako siku faiba ikikatika. Na kuna wanaonikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sawa kabisa. Ndiyo maana nashika mbili: moja ikiniponyoka nibaki na nyingine. Ninachopinga ni kulipia mbili na kubaki na sifuri.

Maana huyo ndiye ninayemwona kila ninakopita. Shule imelipia mbili. Sacco imelipia mbili. Kila mwezi pesa za laini ya pili zinatoka, na hakuna siku hata moja iliyowahi kuwafaa, nao hawajui, kwa sababu taa ni za kijani.

Jaribio la dakika tano

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kila mwenye laini mbili anayesoma haya. Kesho asubuhi kabla wateja hawajafika, usichomoe waya ulioko kati ya fayawoli na kisanduku cha faiba. Hilo ni jaribio rahisi, hata mpangilio mbovu hulifaulu, maana tundu likikosa waya fayawoli huona mara moja. Chomoa waya wa faiba wenyewe, ule mwembamba unaoingia nyuma ya kisanduku, na ukiache kisanduku kiendelee kuwaka. (Ukichomoe taratibu, usiukunje, na usichungulie ndani yake.) Kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Hesabu hadi sitini.

Ukifunguka, fundi wako ni mtu wa kweli, mpigie umshukuru. Usipofunguka, mpigie pia. Mwambie aje, na safari hii akae nawe mfanye jaribio pamoja kabla hujamlipa. Na akuachie nenosiri kwenye karatasi. Mashine ni yako, bili ni yako, na aibu ya tarehe 30 Juni itakuwa yako.

Nanyi mafundi wenzangu, msikasirike. Tuache kuuza taa za kijani. Mteja akisema "lakini simu yangu inaifungua", tumsikilize. Shemeji yangu hakujua pingi ni nini wala lango ni nini, lakini siku ile ni yeye aliyekuwa na jibu sahihi, na mimi mwenye kompyuta ndiye niliyemnyamazisha.

Mwalimu bado huja pale saiba. Siku hizi anajaza ritani zake mwezi wa pili. Anasema haniamini mimi wala faiba, na kwa kweli sina la kumjibu.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, Mungu akipenda na stima ikiwepo.